Bendi inajengwa mazoezini: jinsi ya kutoka chumba cha mazoezi mpaka majukwaa makubwa

Watu wengi wakianzisha bendi wanakimbilia logo na picha na peji ya Instagram, alafu wimbo hata mmoja haujakaa sawa. Anzeni na mazoezi jamani. Pangeni siku mbili kwa wiki ambazo hazibadiliki, na kila mtu aje ameshaijua sehemu yake kutoka nyumbani, maana pale mnakuja kusikilizana.

Na kusikilizana kwenyewe kunafanyika hivi: chukueni wimbo mmoja, gitaa na vokali wanyamaze kwanza, drami na besi wapige peke yao ubeti na kiitikio wakifuata metronomu, ile mashine au app inayohesabu mapigo. Mpiga besi amwangalie mpiga drami mguu ule unaokanyaga kiki, yani ile drami kubwa ya chini, noti yake itue pale pale mguu unapotua. Mkiona zile sauti mbili zimeshikana hazifukuzani tena, hapo ndo mnaongeza gitaa la ridhimu, alafu solo, mwimbaji mwisho kabisa. Rekodini kwa simu, iwekeni kona ya chumba, alafu msikilize kesho yake, maana usiku ule ule kila mtu anasikia chombo chake tu. Na volyumu punguzeni, mwimbaji asipojisikia anaishia kulazimisha mpaka koo linaumia, masikio nayo yanachoka kimya kimya, drami kwenye chumba kidogo inapita desibeli 85, kiwango kinachoweza kudhuru masikio mkikaa nacho muda mrefu, kirahisi sana kwa hiyo nunueni viziba masikio.

Nyimbo sita zilizoiva zinatosha kwa shoo ya kwanza. Tafuteni ukumbi mdogo mtakaoujaza, msikodi mkubwa ukabaki mweupe. Bebeni nyuzi na nyaya za ziada, mfike mapema kwa ajili ya saundi cheki, msalimieni vizuri fundi mitambo, yani huyu ndo ameshika sauti yenu usiku mzima.

Studio nendeni nyimbo zikiwa zimeshapigwa mbele ya watu. Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, albamu yao ya kwanza, iliyotoka 1989, ilirekodiwa kwa dola 606 tu, hela ambayo haiwezekani kama bado mnabishana kiitikio kinaingia wapi huku saa ya studio inahesabika. Na msiogope kugawa demo bure, yani rekodi za mwanzo kabla ya albamu. Arctic Monkeys, bendi ya Uingereza, walikuwa wanawapa watu CD kwenye shoo zao, mashabiki wenyewe wakazisambaza mtandaoni, watu wakawa wanaimba nyimbo ambazo hazijatoka rasmi, na albamu yao ya kwanza Januari 2006 ikauza zaidi ya kopi 360,000 wiki ya kwanza huko Uingereza. Ila waliosambaza walikuwa wameshawaona jukwaani kwanza, hilo wengi wanalisahau.

Sasa hapa naomba mnisikilize sana, kabla hela haijaingia andikeni makubaliano. Bendi nzuri nyingi zinakufa hapa. Kuna haki ya wimbo wenyewe, yani maneno na melodi, na kuna haki ya ile rekodi, hivi ni vitu viwili na vinaingiza hela kwa njia tofauti. Andikeni nani ana asilimia ngapi kwenye kila wimbo, na jina la bendi linabaki kwa nani mtu akitoka, wote msaini. R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, waliandika nyimbo zao kwa jina la wanabendi wote bila kujali nani alileta wazo, wakaanza 1980 na kuachana 2011 bila kugombana. Mimi naunga mkono njia hiyo kwa bendi changa, mpiga drami aliyekesha na nyie mazoezini ana haki yake.

Kwenye kutoa wimbo, tumieni msambazaji wa kidijitali, yani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa kama Spotify, pandisheni wiki tatu nne kabla, hakikisheni kila rekodi ina namba yake ya ISRC, ile inayoitambulisha rekodi moja moja, na mjisajili kwenye chama cha hakimiliki. Spotify wanataka wimbo uwasilishwe kwa wahariri wao angalau siku 7 kabla haujatoka, na tangu 2024 wimbo usiofikisha streami 1,000 (mara unazosikilizwa) ndani ya miezi 12 haulipwi, kwa hiyo hela ya mwanzo itegemeeni kwenye shoo na tisheti.

Lebo ikija, angalieni masta, yani ile rekodi halisi, inabaki kwa nani na kwa miaka mingapi, na gharama wanazozikata kwenu kabla hamjaona senti. Mpelekeeni wakili anayejua mambo ya muziki ausome mkataba wote, na wakiwalazimisha msaini siku hiyo hiyo, chukueni kopi mrudi nayo nyumbani.