Kilo Tatu za Mwisho: Namna ya Kutokata Tamaa Mizani Inapogoma

Mtu aliyetoka kilo 84 hadi 71 huku akilenga 68 hufika mahali pagumu kuliko mwanzo: anakula vilevile, anatembea vilevile, lakini mizani haisogei. Nilipofika hapo nilifanya kosa la wengi, yaani kupunguza chakula zaidi, na siku ya nne nikajikuta nimemaliza maandazi matano kwa mkupuo mmoja. Kabla hujaigusa sahani yako, hakikisha kwanza kwamba kweli umekwama.

Jipime asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, uandike namba hiyo kwenye daftari, na mwisho wa wiki utafute wastani. Uzito hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi na chakula ambacho bado kimo tumboni. Jumapili moja nilikula biriani ya harusi, na kesho yake mizani ikaonyesha ongezeko la kilo 1.5. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani kalori 7,700. Ili ongezeko lile liwe mafuta ningelazimika kula kalori za ziada zaidi ya 11,000, jambo ambalo hata biriani ya harusi haiwezi. Wanawake wengi huongezeka maji wanapokaribia hedhi, kwa hiyo ni vyema walinganishe wiki moja na wiki kama hiyo ya mzunguko uliotangulia. Wastani usiposogea kwa wiki nne, hapo ndipo umekwama.

Na ukikwama, usijiite mvivu. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo zaidi: kwa kila kilo iliyoondoka, matumizi ya siku hushuka kwa kalori 20 hadi 30 hivi, na njaa nayo huongezeka. Kwa kilo 13 hizo ni kalori 260 hadi 390, sawa na vijiko viwili au vitatu vya chakula vya mafuta ya kupikia, ndiyo maana mlo uliokupunguza zamani sasa unatosha tu kukubakiza ulipo. Badala ya kuruka mlo, pima mafuta kwa kijiko kwa wiki moja, usiyamimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu, na uandike pia unachoonja jikoni na unachomalizia kwenye sahani za watoto. Mimi nilidhani naweka vijiko viwili kwenye maharage, vilikuwa vitano.

Hata hivyo, kinachovunja moyo zaidi ni maneno ya watu kuliko mizani yenyewe. "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" ni swali linaloulizwa kwa upendo, msibani na sokoni, kwa kuwa kwetu wembamba bado unahusishwa na maradhi au dhiki. Andaa jibu moja fupi, kwa mfano, "Mzima kabisa, shangazi, nimepunguza mwenyewe," kisha umuulize habari za wajukuu. Ukianza kujieleza utaalika mjadala, na mjadala huo huishia kwenye sahani ya pili ya wali.

Jitafutie pia ushahidi mwingine. Zungusha tepu ya fundi cherehani kiunoni kila baada ya wiki mbili, kwani ukifanya mazoezi ya nguvu, hata ya kuinua madumu ya maji ya lita 5, kiuno kinaweza kupungua huku uzito umesimama. Ukichoka kabisa, jipe wiki mbili za kula kiasi cha kubaki ulipo, bila kujaribu kupungua. Uchovu mzito, kuhisi baridi isiyo ya kawaida au hedhi kukatika ni mambo ya kumpelekea daktari.

Mwisho, jiulize lengo lenyewe lilitoka wapi. Kwa mtu mwenye urefu wa sentimeta 165, kilo 68 ndipo uwiano wa uzito na urefu (BMI) unapogota 25, mstari uliochorwa kwenye jedwali kutenganisha uzito wa kawaida na uzito uliozidi. Faida kwa shinikizo la damu na sukari huanza kuonekana mtu anapopunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, na aliyetoka 84 hadi 71 amepita 15. Mimi nimelihamishia lengo langu kwenye kilo 70, na gauni langu la kitenge fundi amelibana kiunoni mara mbili.