Somo: Kuchagua programu ya bure ya kutengenezea masomo shirikishi

Programu za kazi hii zipo tele, na nyingi ni nzuri. Kinachowaangusha watu ni kuanza na mazoezi ya kupendeza: wanajenga somo zima, kisha siku ya kulipakia wanakuta mfumo wa masomo mtandaoni haulipokei, au unalipokea lakini hauandiki alama. Anzia mwisho, urudi nyuma.

Hatua ya 1: Somo litakaa wapi, na alama ziende wapi?
Likikaa ndani ya Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni) au mfumo kama huo, na mwalimu anataka alama, unahitaji kifurushi cha SCORM (faili la zip la somo linaloweza kupeleka alama kwenye mfumo) au zoezi la H5P (zoezi shirikishi linalofunguka kwenye kivinjari). Kwa SCORM chagua toleo la 1.2, maana ndilo linalopokelewa karibu kila mahali. Moodle yenyewe haikujengwa kwa SCORM 2004, toleo lililofuata. Likikaa kwenye tovuti ya kawaida bila haja ya alama, kurasa za HTML zinatosha. Wanafunzi wakisoma bila intaneti, video zote ziwe ndani ya somo, kwa sababu kiungo cha YouTube hakitafunguka.

Hatua ya 2: Hiyo "bure" ni ya namna gani?
Kuna programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), kuna akaunti ya bure yenye kikomo, na kuna majaribio ya siku chache. Jiulize: nikifunga akaunti leo, naondoka na faili gani? Kama hupati faili unayoweza kuihariri kwingine, usijenge humo kazi ya miezi.

Hatua ya 3: Chagua
*eXeLearning* inafaa kwa somo lenye maelezo marefu, kurasa nyingi na mazoezi katikati. Inafanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti, na inatoa HTML, SCORM na EPUB (kitabu cha kielektroniki). Ukitaka alama, fungua mipangilio ya kila zoezi, sehemu ya SCORM, uhakikishe umechagua alama zihifadhiwe. Zoezi moja likisahauliwa, alama zake hazifiki.

*H5P* ina nguvu kwenye zoezi mojamoja: video yenye maswali, kadi, kuburuta maneno. Moodle inayo ndani yake, pamoja na hazina ya kuhifadhia mazoezi tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020. Kama huna mfumo wowote, tumia *Lumi*, programu ya bure ya kompyuta inayohariri faili za H5P na kuzitoa kama HTML au SCORM. Mara ya kwanza itahitaji intaneti ili kupakua aina za mazoezi.

*Xerte* na *Adapt* ni huria na ni imara, lakini zinadai seva (kompyuta inayohudumia tovuti) yenye programu zake: Xerte inahitaji PHP, na kihariri cha Adapt kinahitaji Node.js na MongoDB. Bila fundi wa seva, ziache kwa sasa.

Hatua ya 4: Pitisha somo dogo njia nzima
Tengeneza ukurasa 1, picha 1, swali 1. Toa kifurushi, kipakie, ingia kama mwanafunzi (si kama mwalimu), jibu, toka, kisha tazama daftari la alama. Rudia kwa simu. Hii ni kazi ya nusu saa, na ndiyo inayoamua programu ipi ibaki.

Hatua ya 5: Tunza faili la chanzo
Kifurushi cha SCORM ni cha kupakia. Kwa marekebisho ya baadaye hifadhi .elp (matoleo mapya ya eXeLearning hutumia .elpx) au .h5p.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mfumo unasema hauoni imsmanifest.xml, na mimi naiona humo ndani. Tatizo ni nini?*
Bila shaka ulifungua kifurushi, ukarekebisha kitu, kisha ukaifunga folda yenyewe kuwa zip. Sasa faili hilo, lenye orodha ya yaliyomo kwenye kifurushi, limeshuka ngazi moja, na mfumo unalitafuta juu kabisa. Ingia ndani ya folda, chagua vyote vilivyomo, ndipo ufunge.

*Somo langu ni refu. Wanafunzi wakirudi kesho yake wanaanza upya. Kwa nini?*
SCORM 1.2 inatenga herufi 4096 tu za kukumbuka mwanafunzi alipoishia. Mazoezi yakiwa mengi nafasi inajaa, na kumbukumbu inakatika. Ligawe somo katika vifurushi vidogo, kimoja kwa kila mada.

*Zoezi la kuburuta majina juu ya mchoro halisomeki kwenye simu. Nifanyeje?*
Mchoro unapungua pamoja na maandishi yaliyo juu yake, kwa hiyo lebo 10 zinageuka vumbi. Bakiza lebo 4 au 5, au geuza liwe maswali ya kuchagua jibu, kila swali na kipande chake cha mchoro kilichokuzwa.

*Naweza kutumia H5P kwa mtihani wa mwisho?*
Hapana, ndugu. Majibu sahihi yanasafiri hadi kwenye kivinjari cha mwanafunzi, na anayejua kufungua msimbo wa ukurasa atayasoma. H5P iache kwenye mazoezi. Mtihani uweke kwenye sehemu ya maswali ya Moodle, ambako usahihishaji hufanyika kwenye seva.