Ukitaka kuwa mtafiti wa mafuriko, anza na futi kamba

Vijana wa Lindi na Mtwara huniuliza wasome nini ili waje kuwa watafiti wa mafuriko. Jibu langu huwakata maini kidogo: nunua kwanza futi kamba, daftari gumu na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani, ikilowa imekwisha.

Mimi nilifundishwa kazi hii Njinjo, Kilwa, baada ya mafuriko ya Januari 2020. Maji yakipungua huacha mstari wa tope na vijiti ukutani. Huo ndio ushahidi wako, na unadumu mpaka mwenye nyumba akandike upya. Nilizunguka siku mbili nikipima mistari. Nyumba ya mwisho, bibi mmoja aliyekuwa akianika mahindi yaliyolowa akanitazama weee, kisha akasema: "Mjukuu wangu, mbona unapimia juu ya baraza? Kwani maji yalianzia barazani?" Kila baraza ina kimo chake. Nikarudia nyumba zote. Basi wewe pima kutoka ardhini, piga picha futi ikiwa imegusa mstari, na muulize mwenyeji maji yaliingia saa ngapi na yalitokea upande gani.

Shule haina siri: hisabati na jiografia kidato cha tano, kisha uhandisi wa maji, hali ya hewa au jiografia chuoni. Ukiwa chuo jifunze QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, ni ya bure, pamoja na picha za setilaiti ya Sentinel-1. Hiyo inatumia rada, inaona hata mawingu yakiwa yametanda, na siku ya mafuriko lini utapata anga jeupe? Kwenye picha zake maji yaliyotulia hutokea meusi. Lakini penye mikoko au miti mingi rada hudanganya, na hapo ndipo vipimo vyako vya ukutani vinapoiumbua.

Kwenye maombi ya shahada ya uzamili, punguza swali. La kwanza niliandika "athari za mabadiliko ya tabianchi Afrika Mashariki". Sikujibiwa hata kwa kukataliwa. La pili niliuliza mvua ikinyesha juu ya bonde la mto Matandu, Njinjo wana saa ngapi kabla maji hayajafika. Nikapata msimamizi. Takwimu za mvua ziombe Mamlaka ya Hali ya Hewa, za mito Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, pale Mtwara mjini. Nenda na barua ya chuo, na uende mapema. Usisubiri mwezi wa kukabidhi tasnifu.

Mwanzoni utaishi kwa vibarua vya kukusanya takwimu za wengine. Kimbunga kama Hidaya cha Mei 2024 kikipita, wageni huja na miradi. Fanya nao kazi, ila kabla hujapanda gari lao uliza jina lako litakaa wapi kwenye makala. Mimi niliuliza makala ikiwa imeshatoka.