Somo: Eugenoli ikiburuta mkia, anzia kwenye laina

Wakuu, salaam. Somo hili limeombwa sana tangu masika yaanze, maana kwa sisi wa Tanga unyevu wa bahari na mashine ya kromatografia ya gesi (inayotenganisha viambato vya sampuli kwa gesi na kuvichora kama vilele kwenye grafu) ni paka na panya. Mfano wangu ni mafuta ya karafuu ya Muheza na Amani, ila hata ukipima petroli au pombe, kanuni ni hizihizi. Msimamo wangu ni huu: usiisingizie ditekta (kihisi cha mwisho wa njia) kabla hujamalizana na gesi na mlango wa sindano, yaani pale sampuli inapodungwa.

Hatua ya 1: Soma grafu kabla ya kushika spana. Hapa ndipo wengi wanaparamia. Mafuta ya karafuu yanakupa kipimo cha bure. Eugenoli, kiambato chake kikuu, ni fenoli, hung'ang'ania kioo kilichochakaa. Kariofileni iliyo humohumo ni haidrokaboni, haishikwi kirahisi. Kilele cha eugenoli kikiburuta mkia (kikishuka polepole upande wa nyuma) huku cha kariofileni kimesimama wima, laina (kijibomba cha kioo ndani ya mlango wa sindano) imechoka au mwanzo wa kolamu (bomba refu jembamba la kutenganishia) umechafuka. Vikiburuta vyote, shuku ufungaji: kolamu imekatwa kombo, au imeingizwa kina kisichotakiwa. Vilele vyote vikichelewa kwa pamoja, mara nyingi gesi inavuja, na septa (kizibo cha mpira kinachotobolewa na sindano) ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

Hatua ya 2: Gesi. Angalia mtungi, kisha rangi ya vichujio vya unyevu na oksijeni. Kama hewa ya ditekta inatoka kwenye kompresa, mwaga maji ya tangi kila asubuhi. Huku pwani hayo maji si ya kubahatisha, yapo.

Hatua ya 3: Mlango wa sindano. Zima haidrojeni (ya mwali wa ditekta), poza oveni na mlango wenyewe, vaa glavu. Septa ibadilishwe baada ya sindano 100 hivi, mapema zaidi kama sindano yako ina ncha butu. Usiikaze kwa hasira. Ikibanwa mno humeguka, vipande vinaangukia kwenye laina, na kesho unaona vilele hewa ambavyo hukuvidunga. Laina usiisugue kwa brashi: mikwaruzo inaamsha kioo na eugenoli itanasa zaidi. Weka mpya, pamoja na oringi (pete ya kuziba) yake.

Hatua ya 4: Kata kolamu. Kwanza pitisha kipande cha septa kuukuu, kisha nati na feruli (pete laini inayobanwa na nati ili kuziba), ndipo ukate sentimita 10 hadi 20 za upande wa sindano. Ukikata kabla ya kuvisha feruli, vumbi lake litabaki mdomoni mwa kolamu. Kwaruza mara moja tu kwa kigae cha kukatia, vunja taratibu, angalia kwa lenzi. Ukiona jino, rudia. Ile septa kuukuu isogeze ikushikie alama ya kina kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kaza nati kwa vidole, malizia kwa robo mzunguko wa spana. Na miwani, jamani. Kile kipande cha kioo kikiruka hakichagui.

Hatua ya 5: Gesi kwanza, moto baadaye. Ipitishe dakika 15 kabla ya kuwasha oveni. Oksijeni ikikutana na joto ndani ya kolamu, kolamu imekwisha. Halafu endesha bila kudunga kitu, kisha kiyeyushi peke yake, mwisho sampuli. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibovu.

MASWALI YA WANACHAMA

Muheza: Mkuu, naweza kutafuta uvujaji kwa povu la sabuni?

*Jibu:* Nje kwenye regyuleta ya mtungi, sawa. Kuanzia mashine kwenda ndani usithubutu, sabuni itapenya na utaiona kwenye grafu. Tumia kifaa cha elektroniki.

Chumbageni: Kaka, heliamu ya kubebea sampuli imetushinda bei. Naitrojeni vipi?

*Jibu:* Inafaa, dada, ila inataka mwendo wa pole, karibu sentimita 12 kwa sekunde, kwa hiyo kila sampuli itachukua muda zaidi. Kwa karafuu, yenye vilele vikubwa vichache, hutajuta. Usisahau kubadilisha aina ya gesi kwenye programu, la sivyo mashine itakokotoa mtiririko wa uongo.

Pangani: Ditekta ya FID (inayochoma sampuli kwa mwali wa haidrojeni) inagoma kuwaka, hasa asubuhi.

*Jibu:* Isubiri ipate moto kwanza. Chini ya nyuzi 150 maji hujikusanya ndani. Mimi huiweka 300. Haidrojeni mililita 30 hadi 40 kwa dakika, hewa mara kumi ya hapo. Kujua kama imewaka, shika spana baridi inayong'aa juu ya tundu la kutolea moshi: ikipata ukungu, mwali upo. Ikibaki kavu, angalia kama jeti (kijitundu cha kutolea mwali) imeziba.

Pangani tena: Umeme ukikatika katikati ya kazi je?

*Jibu:* Funga haidrojeni kwenye mtungi. Ukirudi, usiruhusu oveni ipande yenyewe. Rudi hatua ya 5.