Jinsi ya kuingiza mradi wa kijiji kwenye bajeti ya halmashauri na kuufuatilia mpaka bati la mwisho

Huku Nyanda za Juu Kusini wananchi wengi huikumbuka halmashauri mwezi wa tatu au wa nne, barabara zikiwa zimeshakatika na mama mjamzito kabebwa kwa pikipiki kwenye utelezi. Wakati huo bajeti ya mwaka unaofuata imeshapita kwenye baraza la madiwani. Mkutano unaoamua mambo ni ule wa kijiji wa kati ya Oktoba na Desemba, na ndio huo watu hawaendi, kwa sababu mvua za kwanza zimenyesha na kila mtu yuko shambani anapanda. Ukiukosa, unasubiri mwaka mzima. Mwongozo huu unatumia mfano wa boma la zahanati, yaani jengo ambalo halijaezekwa, lililofika kwenye lenta likakwama. Kwa darasa, nyumba ya mwalimu au choo cha shule njia ni hiyohiyo.

Hatua ya 1: Jua jambo lenu ni la nani

Halmashauri inashughulika na shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, masoko, ushuru na mipango ya vijiji. Barabara za vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA tangu 2017, na maji ya vijijini yako chini ya RUWASA tangu 2019. Barabara kuu na za mikoa, kama ile inayopita Makambako, Igawa na Uyole, ni za TANROADS. Maji ya mjini Mbeya na Iringa yana mamlaka zake.

Hii haina maana kwamba diwani hahusiki na barabara. Anaweza kumuuliza meneja wa TARURA wa wilaya, na mara nyingi meneja huyo huitwa kwenye baraza. Ila barua ya kalavati ukiipeleka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, itakaa masijala wiki kadhaa kisha uambiwe uipeleke kwingine. Anza kwa meneja wa TARURA.

Hatua ya 2: Weka kalenda ukutani

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kila wilaya ina ratiba yake, ila mpangilio haubadiliki sana: Oktoba hadi Desemba vijiji na mitaa vinaibua vipaumbele kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo (wataalamu wanauita O&OD). Mwisho wa mwaka au mwanzoni mwa Januari vinapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Januari na Februari halmashauri inachambua na baraza linapitisha. Baada ya hapo mambo yanapanda mkoani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia halmashauri zote) na Bungeni, na huko hamna tena nafasi ya kuongeza kitu.

Mwezi wa tisa, kabla ya jembe, nenda kwa Mtendaji wa Kijiji umuulize swali moja: mkutano wa kuibua vipaumbele ni tarehe gani? Kama hajui, mwulize Mtendaji wa Kata. Mkutano upangwe siku ambayo watu hawaendi shamba, Jumapili mchana baada ya ibada au siku ya mapumziko ya kimila pale inapofuatwa. Ukipangwa Jumatano saa nne asubuhi mwezi wa kumi na moja, mtakuwa watu ishirini chini ya mti.

Hatua ya 3: Shinda kwenye muhtasari, siyo kwenye makofi

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na ndicho chombo cha juu kabisa kijijini. Kwa utaratibu unaitishwa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hukutana kila mwezi na ndiyo inayoandaa ajenda. Kwa hiyo jambo lenu lianzie huko. Lisemwe kwanza kwenye Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango ya kijiji, maana likiibukia kwenye "mengineyo" mwisho wa mkutano halina uzito.

Mradi mwingi hufia hapa. Watu wanaongea vizuri, wazee wanachangia kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, mkutano unakubaliana. Muhtasari ukija kusomwa unasema: "Wajumbe walichangia kuhusu afya, wakaomba serikali iangalie." Hiyo sentensi haiwezi kugeuka bajeti. Afisa Mipango akiikuta haoni mahali, haoni kiasi, haoni nani anafanya nini.

Azimio lenye nguvu linaandikwa hivi:

"Mkutano Mkuu wa Kijiji umeazimia kuwa ukamilishaji wa boma la zahanati lililopo kitongoji cha Mlimani uwe kipaumbele namba 1 kwa mwaka wa fedha 2027/28. Wananchi watatoa mchanga lori 6, kokoto lori 3, maji na nguvukazi ya vibarua. Halmashauri inaombwa kupaua, kupiga lipu, kuweka sakafu, milango na madirisha. Eneo la zahanati halina mgogoro, rejea muhtasari wa ugawaji wa eneo."

Angalia mambo manne: namba ya kipaumbele, mahali, mchango wenu kwa vipimo, na kazi mnayoomba. Namba ya kipaumbele ndiyo inayoumiza watu. Kila mwaka TAMISEMI na Hazina hutoa ukomo wa bajeti, na ukomo huo huwa mdogo kuliko maombi. Kijiji kilicholeta vipaumbele tisa bila kuvipanga kinapangiwa na mtu mwingine, tena mtu asiyekijua.

Mchango wenu ubadilishwe kuwa fedha. Kwa mfano, kaya 240 zikikubaliana shilingi 15,000 kila moja ni 3,600,000. Mkichanga mchanga badala ya fedha, chukueni bei ya lori kwenu mzidishe. Afisa Mipango atauandika kama nguvu za wananchi, na mradi ambao wananchi wameshaweka kitu unasimama vizuri kuliko ombi tupu. Kaya za wazee wasiojiweza na wengine mtakaowasamehe waandikwe humohumo kwenye azimio, vinginevyo mgambo atakuja kuwafuata.

Mkutano ukiisha, karatasi ya mahudhurio iwe na majina na sahihi. Omba kuusoma muhtasari ukiwa bado kwenye rasimu, kabla mwenyekiti na mtendaji hawajasaini na kugonga mhuri. Piga picha ukurasa wa azimio. Wenyeviti waliopo walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, na wengine walikuta ofisi isiyo na jalada la maana. Kumbukumbu ziko kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye katibu wa mkutano. Mtendaji akihamishwa, hakikisheni jalada halihami naye.

Mjini, kama Mwanjelwa ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, utakutana na Mtaa badala ya kijiji. Kuna mwenyekiti, Mtendaji wa Mtaa na mkutano wa wakazi. Kanuni ya muhtasari ni ileile.

Hatua ya 4: Kata

Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, katibu wake ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa vijiji vya kata ni wajumbe. Hapo vijiji vinagombania nafasi. Mwenyekiti wenu aende na nakala ya muhtasari, picha mbili tatu za boma na barua ya mhandisi. Mwenyekiti anayekwenda mikono mitupu hurudi na ahadi.

Barua ya mhandisi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Maboma mengi yamejengwa kwa nia njema bila ramani ya zahanati iliyoidhinishwa. Vyumba vinakuwa vidogo, milango myembamba, jamvi halina nguvu. Halmashauri ikija kukamilisha, mhandisi anakataa kuweka paa juu yake. Kabla ya kuchimba msingi, ombeni ramani kwa Mhandisi wa Halmashauri na umwulize Mganga Mkuu wa Wilaya ukubwa wa eneo unaotakiwa. Kama boma lilishajengwa, mwiteni alikague na aandike anachotaka kirekebishwe.

Na msiache kuta wazi zipite masika mawili. Tofali la kuchoma la huku halichelewi kumomonyoka kwa juu, na mvua za Makete au Rungwe hazina utani. Funikeni kichwa cha ukuta kwa udongo wa saruji au hata nailoni iliyobanwa kwa mawe.

Hatua ya 5: Halmashauri

Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka na mikutano yake ni ya wazi. Unakaa kama msikilizaji, husemi. Kwa kawaida siku moja ni ya taarifa za kata na nyingine ya taarifa za kamati. Ukiweza kwenda mara moja tu kwa mwaka, nenda kikao cha bajeti. Tarehe utaipata kwa diwani, kwenye ubao wa matangazo makao makuu, au kwenye tovuti ya halmashauri, ambayo anwani yake huishia na go.tz.

Swali lenu lipitie kwa diwani, kwa maandishi, siku kadhaa kabla. Liwe fupi: "Ukamilishaji wa zahanati ya kijiji fulani umewekwa kwenye kasma ipi, kiasi gani, na chanzo ni mapato ya ndani au fedha za serikali kuu?" Kasma ni fungu la bajeti lenye namba yake. Jibu la sehemu ya mwisho linakuambia mengi. Mradi wa mapato ya ndani unategemea ushuru utakaokusanywa, kwa hiyo msimu wa mpunga ukiharibika Mbarali au mbao zisipotoka Mufindi, unasukumwa mbele.

Ukitaka nyaraka mwenyewe, andika barua kwa Mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Sheria hiyo inampa siku 30 kujibu. Taja nyaraka kwa jina: muhtasari wa baraza robo ya pili, sehemu inayohusu kata yako. Ukiandika "taarifa zote za maendeleo" umejinyima mwenyewe. Peleka nakala mbili masijala. Moja ibaki, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri huo, siku 30 hazina mahali pa kuanzia.

Hatua ya 6: Soma ubao wa kijiji kama mweka hazina

Fedha za halmashauri mkizingoja, angalieni za kwenu. Taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kusomwa mkutanoni kila robo na kubandikwa. Ikague kwa hesabu moja: salio la kuanzia, jumlisha mapato, toa matumizi, upate salio la mwisho. Mfano 412,000 + 1,350,000 − 1,118,000 = 644,000. Halafu fanya kile ambacho wengi hawafanyi: linganisha salio la kuanzia la robo hii na salio la mwisho la robo iliyopita. Zikitofautiana, fedha imepotelea kati ya karatasi mbili.

Omba pia kuona taarifa ya benki. Fedha iliyokusanywa na kutumiwa bila kupita benki, ile inayoitwa fedha mbichi, haionekani huko hata kama matumizi yalikuwa halali. Ushuru wa halmashauri ulipwe kwa mashine ya POS au kwa kontroo namba. Karatasi ya mkono uliyopewa getini siyo stakabadhi.

Hatua ya 7: Fedha zikiingia

Kwenye miradi inayotumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, kunaundwa kamati za ununuzi, mapokezi na ujenzi. Weka mtu anayejua kuhesabu kwenye mapokezi, hiyo ndiyo kamati yenye meno. Awe na nakala ya makadirio ya ujenzi, yale mafundi wanayoita BOQ. Kama imeandikwa bati geji 28, likija geji 30 ni jembamba zaidi, lirudi. Afungue bando na kuhesabu kabla ya kusaini, lori likiwa bado halijaondoka. Saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa ukungu wa Njombe na Makete mfuko uliowekwa sakafuni huanza kuganda kutoka chini.

Mwombe mhandisi aje kabla ya kila malipo ya fundi. Fundi aliyelipwa yote kabla ya lipu kukauka utamtafuta Tunduma.

Fedha mara nyingi huchelewa, zikaingia mwezi wa kumi na moja mvua zikiwa zimeanza. Ndiyo sababu mchanga na kokoto mlizoahidi zisombwe Julai hadi Septemba, barabara ikiwa kavu, hata kama akaunti haijasoma kitu. Lori likishindwa kupanda mwezi wa kwanza, kazi inasimama hadi Mei, na inabaki miezi miwili kabla mwaka wa fedha haujafungwa.

Fedha isiyotumika mpaka 30 Juni inaweza kurudi Hazina. Mwezi wa sita ulizeni kwa maandishi kama kuna bakaa, yaani fedha iliyobaki, ya mradi wenu na kama halmashauri imeomba kuitumia mwaka unaofuata. Jibu likiwa halieleweki, msiuhesabu mradi kuwa umo. Oktoba uandikeni tena, namba 1, kama kiporo, mkitaja kazi iliyofanyika, kilichobaki na muhtasari wa mwaka uliopita.