Kabla Hujaweka Dole Gumba

Shangazi yangu alitoka Pangani kuja Tanga mjini kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Fomu ya ridhaa ililetwa akiwa ameshavaa gauni la thieta, miwani yake imo mkobani mwangu. "Weka dole hapa, mama." Akaweka. Kumbe karatasi ilisema pia kwamba damu isipokata, kizazi chote kitatolewa. Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemsomea. Hospitali yenyewe siitaji jina.

Kwa hiyo anza na muda. Omba fomu siku moja kabla, ungali na nguo zako na miwani yako. Uliza kwa Kiswahili cha nyumbani: mnakata wapi, mnatoa nini, mkikuta tofauti mtafanyaje, nisipofanyiwa itakuwaje, dawa za kumeza hazitoshi? Ukijibiwa "sisi ndio tunajua", uliza tena. Ridhaa ni hayo mazungumzo. Wino unaonyesha tu kwamba yalifanyika. Na hata ukishaweka dole unaweza kubadili nia, mradi hujalazwa usingizi. Mtu mzima mwenye akili timamu hujiamulia mwenyewe. Mume na wajomba waje, washauri, wabebe chupa ya chai. Aliyezimia huku anavuja damu ni habari nyingine, huyo huokolewa kwanza.

Kipimo cha VVU nacho kina ridhaa yake. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kusubiri mzazi.

Kuna na mipaka ya mwili. Ukikaguliwa sehemu za siri, omba nesi awepo na pazia livutwe. Wanafunzi wakizunguka kitanda, unaweza kusema leo hapana. Daktari aliyechukua namba yako kwenye faili akakuandikia "umelalaje mrembo" amevuka mpaka, hata awe mtanashati vipi. Anawajibika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Nesi, kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Andika jina na tarehe, na ule ujumbe usiufute.

Shangazi mzima, na kizazi chake kipo. Nilimsomea ile fomu siku tatu baadaye, akanyamaza muda mrefu. Siku ya kutolewa nyuzi aliletewa karatasi nyingine. Kabla nesi hajamaliza kusema, mkono wake ulikuwa umeshanielekea mimi: "Nipe miwani."