Kiingereza hakina "sana" moja

Saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, iko ghorofa ya kwanza, kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Kutwa nachapa barua za kuomba kazi, na neno linalowaangusha wateja wangu ni "sana". Kwetu halichagui kazi: napenda sana, mrefu sana, polepole sana. Mwingereza kazi hiyo kawagawia watu kadhaa.

Mbele ya kivumishi weka "very": "very hardworking". Mbele ya kitenzi halikai. Juzi kijana kaniletea "I very need this job". Nikambadilishia ikawa "I really need this job", kisha nikamshauri aifute yote. Kwani nani huomba kazi asiyoihitaji?

Vitenzi vingine vina vielezi vilivyozoeana navyo, vikariri hivyo hivyo: "strongly recommend", "deeply regret", "fully understand".

Wengi hunasa kwenye "too". Hilo si sana, ni mno, kupita kiasi. Dada mmoja mpishi aliandika "My pilau is too sweet". Alitaka kuisifu, mwenye hoteli angedhani anamwaga sukari sufuriani. "Sweet" ya Kiingereza ni tamu ya chai na keki, kwa hiyo nikaandika "delicious". Akasema, "Basi ongeza very, mama." Nikakataa. "Delicious" limeshabeba sana ndani yake, sawa na "excellent" na "perfect". Pima hivi: je, kitu chaweza kuwa hivyo kidogo tu? Mtu huwa "a bit tired", kwa hiyo "very tired" ni sawa. "A bit perfect" haisemeki, basi na "very perfect" iache. Ukishikilia kusisitiza, kuna "absolutely", ila kwenye barua ya kazi linasikika kama tangazo la sabuni.

"Only" nalo liweke karibu na unachokibana. Keshia akiandika "Only I handled cash", anasema wenzake hawakugusa pesa. "I handled only cash" inamaanisha M-Pesa haikumhusu. Mwajiri atauliza.

Ukimaliza, futa kila "very", usome kwa sauti, urudishe lile ambalo sentensi imelililia. Barua ya mpishi ilibaki na moja: "a very busy kitchen". Hilo sikuligusa. Nimewahi kula kwao Gikomba saa saba mchana, nikala nimesimama.